Injini Iliyosukwa Upya: Dakika Ishirini za Kwanza

Katika mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki ya mwaka 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho wa safari. La kwanza lilikuwa Peugeot 404. Gari la aina hiyo hiyo lilikuwa limeshinda mwaka 1963, ambapo vile vile ni magari 7 tu yaliyomaliza, na tena mwaka 1966 na mwaka 1967, likiendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, pamoja na mwenziwe Chris Rothwell. Hapana shaka kwamba sifa hizo zilichangia kulifanya gari hili lipendwe mno katika Afrika Mashariki, likatumika kama teksi, gari la ofisi na gari la mizigo.

Peugeot 404 ilianza kuundwa nchini Ufaransa mwaka 1960, na uundaji wa saluni zake huko ulikoma mwaka 1975. Leo ni gari kongwe. Hata hivyo, wapo wenyewe ambao hawakukubali kulitupa, na mafundi ambao bado wanaifumua injini yake na kuisuka upya. Kazi hiyo hula fedha na miezi ya kutafuta vipuri. Lakini linalosikitisha ni kwamba injini iliyogharimiwa hivyo yaweza kuharibiwa katika dakika chache za kuwashwa kwa mara ya kwanza, tena na fundi aliyefanya kazi nzuri siku zote zilizotangulia. Makala haya yanaeleza kwa nini dakika hizo ni za hatari, na jinsi ya kutafuta kosa kwa utaratibu pindi injini inapokataa kuwaka.

Injini yenyewe

Injini ya 404 inayojulikana zaidi ina silinda 4 zilizopangwa mstari mmoja. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 84, na pistoni husafiri milimita 73 kutoka chini hadi juu. Mwanafunzi anayejua kanuni ya ujazo wa mcheduara ataona kuwa kila silinda ina ujazo wa karibu sentimita za ujazo 404.5, na zote nne kwa pamoja 1,618. Kufanana kwa tarakimu hizo na jina la gari ni sadfa tu. Peugeot imekuwa ikiyapa magari yake majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati tangu ilipotoa gari la 201 mwaka 1929.

Bloku ya injini hii ni ya chuma cha kusubu, na kichwa chake ni cha alumini. Silinda zake hazikutobolewa ndani ya bloku, bali ni slivu, yaani mirija ya chuma inayopachikwa, na maji ya kupoza huzigusa moja kwa moja kwa nje. Chini ya kila slivu pana kizibo chembamba kinachozuia maji yasiingie katika sampu ya oili. Mpango huu humsaidia sana fundi, kwani slivu zilizolika hubadilishwa bila kuichonga bloku. Lakini pia ndio chanzo cha kosa moja kubwa: kichwa kikiwa kimefunguliwa, mtu akiizungusha injini bila kuzibana slivu, pistoni huzinyanyua kidogo, vizibo huachia, na maji hupata njia.

Utando wa oili

Katika injini inayofanya kazi vizuri, krankishafti haigusani na beringi zake. Inapozunguka huivuta oili ndani ya nafasi nyembamba iliyopo, na oili hiyo hujisokota kama kabari na kulinyanyua shafti. Utando huo una unene wa elfu chache tu za milimita. Unywele wa mtu ni mnene kuupita zaidi ya mara kumi. Hata hivyo hutosha kubeba kani ya mwako, maadamu vitu viwili vipo: oili isiyokatika, na mwendo.

Injini iliyosukwa upya haina kitu hata kimoja kati ya hivyo wakati ufunguo unapogeuzwa. Mifereji ya oili ni mikavu, na pampu imejaa hewa. Kinachozikinga beringi ni oili tu ambayo fundi aliipaka kwa mkono wakati wa kufunga. Akiwa alisahau kuipaka, au injini ilikaa miezi mingi oili ikachuruzika, metali husugua metali.

Hatari kubwa zaidi ipo kwenye kemshafti. Katika injini hii, pembe za kemshafti husukuma tapeti zenye uso bapa, na eneo zinapogusana ni kama mstari mwembamba. Kanieneo, yaani kani iliyogawanywa kwa eneo, huwa kubwa mno kwa sababu eneo ni dogo. Tena pembe hizo hutegemea kwa sehemu kubwa oili inayorushwa na krankishafti inapozunguka. Injini ikizunguka polepole, oili inayorushwa ni kidogo. Na juu ya hayo, katika mwendo wa polepole springi za valvu hukandamiza ncha za pembe kwa nguvu zake zote, kwa kuwa inesha ya valvu haijawa kubwa kiasi cha kuzipunguzia mzigo. Kwa hiyo lile ambalo wengi hulidhani kuwa ni upole, yaani kuiacha injini mpya inguruma taratibu, ndilo linaloiua kemshafti.

Kabla ya kugusa ufunguo

Fundi mwenye busara huanza kutafuta makosa kabla injini haijawaka, wakati kosa lingali la bei nafuu.

Kwanza ni maji. Hutiwa polepole ili hewa ipate kutoka, kisha injini huachwa usiku mmoja. Asubuhi nati ya kumwagia oili hulegezwa kidogo sana. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama kizibo cha slivu kinavuja, yatakuwa yametuama chini ya sampu, na tone la kwanza kutoka litakuwa la maji. Jaribio hili halihitaji chombo chochote, nalo huweza kuokoa injini nzima.

Pili ni oili. Plagi zote nne huondolewa, waya wa koili hutengwa, kisha injini huzungushwa kwa stata kwa vipindi vifupi, huku stata ikipumzishwa kati ya kipindi na kipindi. Bila plagi hakuna mkandamizo, kwa hiyo beringi hazibebi mzigo mkubwa wakati pampu inavuta oili. Huendelea hivyo mpaka taa ya oili izimike, na oili ionekane ikitoka penye roka za valvu. Isipoonekana, injini isiwashwe hata kidogo.

Aina ya oili nayo ni jambo la kuzingatia. Oili za zamani zilikuwa na viungo vya zinki na fosforasi ambavyo, penye joto na kanieneo kubwa, hujenga ngozi nyembamba juu ya chuma na kukikinga. Fosforasi hiyo huharibu kichocheo kilichomo katika mabomba ya moshi ya magari ya kisasa, na kwa sababu hiyo imepunguzwa. Daraja la SM, lililoanza mwaka 2004, liliweka kikomo cha asilimia 0.08 kwa oili nyepesi kama 5W-30. Oili iliyo bora kwa gari jipya yaweza basi kuwa haifai kwa kemshafti mpya ya gari kongwe; inafaa itafutwe oili nzito zaidi iliyotengenezwa kwa injini za zamani.

Tatu ni usalama. Gari liwe mahali penye hewa ya kutosha, kwani moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua. Gia iwe huru, magurudumu yawekewe vigingi, na mtungi wa zimamoto uwe karibu. Nywele ndefu, tai na mikono ya mashati viwekwe mbali na feni. Katika 404 nyingi feni haizunguki wakati wote; hushikwa na klachi ya sumaku-umeme maji yanapofikia joto fulani. Asiyejua huona feni imetulia, akadhani imeharibika, akaingiza mkono. Na mara ikaanza.

Injini ikikataa kuwaka

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu tu: mchanganyiko unaofaa wa petroli na hewa, mkandamizo wa kutosha, na cheche inayokuja kwa wakati wake. Kila kosa la injini isiyowaka limo katika moja ya matatu hayo. Fundi asiye na utaratibu hubadilisha koili, akageuza kabureta, akasogeza distribyuta, yote kwa wakati mmoja. Na hata injini ikiwaka hajui ni kipi kilichoiponya. Fundi mwenye utaratibu hupima jambo moja, huandika alichokiona, ndipo huenda kwenye jambo la pili. Huo ndio mwenendo unaofundishwa katika maabara ya shule.

Kama stata inazunguka kwa uvivu au haizunguki kabisa, sababu ya kawaida baada ya matengenezo ni waya wa ardhi unaounganisha injini na bodi. Mara nyingi husahauliwa, au hufungwa juu ya rangi mpya, nayo rangi haipitishi umeme.

Kama injini inazunguka vizuri lakini kimya, plagi moja hutolewa, huunganishwa na waya wake na kulazwa juu ya chuma cha injini, mbali na kabureta, kisha injini huzungushwa. Cheche ikionekana ya buluu na yenye nguvu, umeme upo. Isipoonekana, njia yote hufuatwa kwa balbu ndogo ya majaribio: betri, swichi, koili, kisha pointi. Pointi mpya huwa na utando wa mafuta ya kuzuia kutu. Karatasi safi ikipitishwa katikati yake huutoa. Kosa jingine ni vikombe vya kuhami vya pointi kufungwa kinyume; hapo pointi hata zikifunguka, umeme hupita pembeni na koili haipati kukatiwa mkondo. Ni kule kukatwa kwa mkondo kwa ghafla ndiko kunakozaa maelfu ya volti. Mkondo usiokatika hauzai cheche.

Kama cheche ipo na injini bado ni kimya, plagi zitazamwe. Zikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Zikiwa zimelowa, imezidi. Petroli iliyokaa tangini mwaka mzima wakati injini imefumuliwa huwa imepoteza sehemu zake nyepesi zinazowaka upesi. Imwagwe mahali salama, na itiwe nyingine.

Kosa la silinda ya kwanza

Ipo dalili moja ambayo huwashangaza mafundi wengi: injini haiwaki, bali hukohoa moto kupitia kabureta. Hapa petroli ipo, mkandamizo upo, na cheche ipo. Ila wakati ndio uliokosewa.

Mzunguko mmoja wa kazi wa silinda una miendo minne ya pistoni: kuvuta, kukandamiza, kusukuma na kutoa moshi. Miendo hiyo huchukua mizunguko miwili ya krankishafti, lakini mzunguko mmoja tu wa distribyuta. Kwa hiyo alama iliyo kwenye krankishafti hufika mahali pake mara mbili kwa kila kazi moja. Mara ya kwanza silinda namba 1 imemaliza kukandamiza. Mara ya pili imemaliza kutoa moshi. Alama peke yake haiwezi kumwambia fundi ni ipi kati ya hizo.

Zaidi ya hayo, katika Peugeot silinda huhesabiwa kuanzia kwenye flaiwili, yaani gurudumu zito lililo upande wa klachi. Fundi aliyezoea magari ya Uingereza au Japani huanzia upande wa rejeta. Jambo la kuvutia ni kwamba mfuatano wa kuwaka wa injini hii, 1-3-4-2, hubaki ule ule hata ukihesabiwa kutoka upande wa pili. Mwanafunzi ajaribu: abadilishe 1 iwe 4, 2 iwe 3, 3 iwe 2, na 4 iwe 1. Atapata 4-2-1-3, ambayo kwenye duara ni 1-3-4-2. Basi nyaya zote zitaonekana ziko sawa, na mfuatano utakuwa sahihi, lakini kila cheche itakuja nusu mzunguko wa distribyuta nje ya wakati wake. Itawaka silinda inapomaliza kutoa moshi na valvu ya kuingizia inaanza kufunguka, na moto utapata njia ya kurudi kwenye kabureta.

Tiba yake haihitaji kubahatisha. Kifuniko cha roka huondolewa, na injini huzungushwa kwa mkono mpaka alama ifike. Kisha hutazamwa valvu za silinda namba 4, iliyo karibu na rejeta. Kama zinapokezana, yaani ya kutolea inamaliza kujifunga na ya kuingizia inaanza kufunguka, basi silinda namba 1 iko juu ya mkandamizo, na roto ya distribyuta lazima ielekee waya wake. Kama sivyo, krankishafti izungushwe mara moja kamili.

Dakika ishirini

Injini ikishika moto, isiachwe kunguruma polepole. Mara moja ipandishwe hadi karibu mizunguko 2,000 kwa dakika, na mwendo huo ubadilishwe-badilishwe kidogo, juu na chini, kwa muda wa dakika 20. Katika muda huo krankishafti huzunguka mara 40,000, na kila pembe ya kemshafti huipiga tapeti yake mara 20,000. Ndipo nyuso mbili mpya huzoeana na kung'aa.

Kazi ya fundi sasa ni kutazama na kusikiliza, na awe tayari kuzima. Taa ya oili ikiwaka, injini izimwe papo hapo. Hakuna hoja ya kusubiri. Joto likipanda kupita kiasi izimwe pia, ipoe, na kazi iendelee baadaye. Msuguano wa ringi mpya huongeza joto, lakini huenda kosa likawa hewa iliyonaswa katika njia za maji, au cheche inayochelewa. Kuhusu hili la pili hesabu ni rahisi: penye mizunguko 2,000 kwa dakika, krankishafti hupita nyuzi 12 kwa kila milisekunde. Mwako huhitaji milisekunde chache ili ukamilike. Cheche ikichelewa, moto huwa bado unawaka valvu ya kutolea inapofunguka, na joto lililopaswa kuisukuma pistoni huishia kwenye kichwa na ekzosi.

Rangi ya moshi nayo ni lugha. Moshi wa buluu katika dakika za mwanzo ni oili iliyopakwa wakati wa kufunga, na hupungua. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Aghalabu choki haikurudishwa, au boya la kabureta limekwama. Moshi mweupe usiokoma, huku maji yakipungua, ni dalili kwamba maji yanaingia silindani. Na oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia sampuni, na injini isiendeshwe hata mita moja zaidi.

Sauti zitofautishwe kwa kuhesabu. Kemshafti huzunguka nusu ya mwendo wa krankishafti. Mgongo mwepesi wa haraka unaosikika juu, wenye mapigo nusu ya mizunguko ya injini, ni wa tapeti yenye nafasi kubwa. Mgongo mzito utokao chini na kwenda sambamba na kila mzunguko wa krankishafti ni wa beringi, nao ni amri ya kuzima.

Baada ya hapo

Oili ya dakika hizo 20 humwagwa ingawa inaonekana mpya, maana imebeba vumbi la chuma. Mwalimu anaweza kuitumia darasani: imiminwe kwenye sahani nyeupe na kupitishiwa sumaku. Chembe zinazofuata sumaku ni za chuma, kutoka kwenye ringi, slivu au kemshafti. Kidogo kama unga laini ni jambo la kawaida. Vipande vinavyometa ambavyo sumaku haivivuti vimetoka kwenye pistoni za alumini au beringi, na vinahitaji kuchunguzwa.

Injini ikishapoa kabisa, bolti za kichwa hukazwa tena kama kitabu cha gari kinavyoagiza, kwa sababu alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, na gasketi mpya hukaa chini kidogo. Nafasi za valvu hupimwa baada ya hapo, si kabla.

Hatimaye gari huingia barabarani, na hapa upole uliozidi ni kosa tena. Ringi hazibanwi kwenye slivu na mnyumbuko wake peke yake, bali hasa na gesi ya mwako inayopenya nyuma yake. Injini isiyopewa mzigo haina gesi ya kutosha. Ringi huteleza juu ya oili, uso wa slivu hung'aa kama kioo, na injini hula oili maisha yake yote. Inafaa gari lipandishwe kilima kwa nguvu ya wastani, kisha liachwe kushuka kwa gia, na mwendo ubadilishwe mara kwa mara, bila kulilemea wala kulikimbiza.

Waliolisifu gari la 404 kwa ushindi wake katika Safari hawakukosea, lakini uimara huo haukuwa wa chuma peke yake. Ulitegemea utando wa oili usioonekana kwa macho, na fundi aliyejua kwamba upo. Injini kongwe iliyosukwa upya hairehemu pupa, wala haihitaji bahati. Humdai fundi kwamba apime kwanza, ageuze jambo moja kwa wakati mmoja, na asikilize jibu kabla ya kuuliza swali la pili.